Albamu inayomfaa mzazi aliyenuniana na kijana wake

Zipo nyumba ambazo baba na kijana wake wanakula meza moja lakini hawazungumzi. Baba anataka mtoto atulie, amalize masomo, apate kazi, aoe. Kijana anataka kuondoka. Kila mmoja anaamini hasikilizwi.

Kwa wazazi wa nyumba hizo, albamu ya Tea for the Tillerman inafaa sana. Ilitoka mwaka 1970, ina nyimbo 11 na haifiki dakika 40, hivyo mtu anaweza kuimaliza akiwa kwenye foleni ya magari. Mzazi anayetafuta muziki wa kucheza ataiona imepoa, kwa kuwa sehemu kubwa imebebwa na gitaa na sauti ya mwimbaji.

Mwimbaji huyo, Cat Stevens, alizaliwa London mwaka 1948, baba yake akiwa Mgiriki wa Cyprus na mama yake Mswidi. Alipata jina mapema, kisha akalazwa kwa kifua kikuu. Matibabu na mapumziko yalimweka mbali na majukwaa kwa miezi mingi. Katika kipindi hicho alijiuliza maswali mazito kuhusu maisha na kutunga nyimbo nyingi. Mwaka 1977 alisilimu, na leo wengi wanamfahamu kwa jina la Yusuf Islam.

Wimbo unaowagusa zaidi wazazi ni Father and Son. Stevens anaimba sehemu zote mbili: sauti nzito ya baba anayemsihi mwanawe asiwe na haraka, na sauti ya juu ya kijana aliyekwisha kuamua kuondoka. Hawatukanani na hakuna anayeshinda. Kila mmoja anasema ukweli wake, na mwenzake haupokei.

Mwaka 2020 alitoa albamu hiyo ikiwa imerekodiwa upya. Katika wimbo huo, baba anasikika kwa sauti yake ya uzeeni, na kijana kwa sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa zamani, akiwa na umri wa miaka ya ishirini.

Mzazi akiusikiliza mara ya kwanza, huenda akasimama upande wa baba. Akiurudia, atakumbuka kuwa naye aliwahi kuaga nyumbani huku wazazi wake wakipinga. Wimbo hautawapatanisha. Ila jioni hiyo anaweza kumuuliza kijana wake anataka nini, kisha akanyamaza mpaka amalize kujibu.