Kutoka Mapigo Mawili Hata Mapigo Manne

Pikipiki hujulikana kwa sauti kabla haijaonekana. Ipo iliayo kwa sauti nyembamba na kali, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa, na nyuma yake hufuata moshi wa buluu. Ipo nyingine yenye sauti nzito ya kukoroma. Ya kwanza ni ya mapigo mawili, na mafundi wetu huiita tustroki; ya pili ni ya mapigo manne, yaani fostroki. Nataka kueleza tofauti ya injini hizi, na hasa yale yampatayo mtu anayehama kutoka moja kwenda nyingine katika mbio za matope na vilima ziitwazo motokrosi. Jambo hili nimeliona kwa macho yangu, nalo liligusa hata karo yangu.

Tuanze na injini zenyewe. Katika mapigo mawili pistoni hupanda mara moja na kushuka mara moja, na kila mzunguko una mlipuko wake. Haina valvu kichwani. Hewa na petroli hupita katika matundu yaliyo ubavuni mwa silinda. Oili huchanganywa na petroli, mara nyingi sehemu 1 ya oili kwa sehemu 32 za petroli, kisha huungua pamoja nayo, na huo ndio ule moshi. Katika mapigo manne kazi imegawanywa: kuvuta, kukandamiza, kulipua na kutoa. Kwa hiyo mlipuko ni mmoja kwa kila mizunguko 2. Valvu hufunguka na kufunga kwa zamu, na oili hukaa chini ya injini bila kuchanganywa na petroli. Basi tustroki ni nyepesi, na nguvu zake huja kwa ghafula. Fostroki ni nzito zaidi, na nguvu zake huja kwa utaratibu tangu mwendo wa chini.

Wala mtu asidhani kuwa mapigo manne ni mgeni katika mbio hizi. Mashindano ya dunia ya daraja la 500 yalipoanza mwaka 1957, wenyeji walikuwa ni mapigo manne. Mwingereza Jeff Smith alikuwa bingwa mwaka 1964 na 1965 juu ya BSA ya namna hiyo. Mwaka 1966 Paul Friedrichs wa Ujerumani ya Mashariki akautwaa ubingwa kwa CZ ya mapigo mawili iliyotengenezwa Chekoslovakia, na tangu hapo tustroki zikatawala kwa miaka mingi. Kisha gurudumu likageuka tena. Mwaka 1997 Mmarekani Doug Henry alishinda mbio za Las Vegas kwa Yamaha ya majaribio ya mapigo manne, na mwaka 1998 akapata ubingwa wa motokrosi wa nchi yake, daraja la 250, juu ya YZ400F. Sheria ziliruhusu fostroki iwe na injini kubwa kuliko tustroki katika daraja hilo. Watengenezaji wengine wakafuata, na leo mabingwa wa dunia hushindania taji juu ya 450 na 250 za mapigo manne.

Sasa nije kwa mjomba wangu. Yeye ni fundi, na hakupita shule ya msingi. Tustroki alijifunza kwa sikio na kwa vidole. Aliweza kubadili pistoni na ringi kwa alasiri moja huku akizungumza na wageni. Kazi yake kubwa ilikuwa kutunza pikipiki ya kijana mmoja anayeshindana karibu na Nairobi, na katika ujira huo ndimo ilimotoka sehemu ya karo yangu. Mwaka jana kijana yule aliuza 125 yake ya mapigo mawili, akanunua 250 ya mapigo manne iliyokwisha kutumika. Akasema, "Fundi, kama huiwezi niambie mapema, nitafute mwingine." Mjomba alinyamaza. Nami niliuelewa ukimya ule, maana muhula wa tatu ulikuwa unakaribia.

Siku ya kwanza ya mazoezi ilikuwa ya taabu kwa mwendeshaji mwenyewe. Alipiga kiki huku akivuta mafuta, kama alivyozoea. Lakini kabureta ya injini ile ina pampu ndogo inayorusha petroli kila mkono unapovutwa, basi injini ikazama kwa petroli isiwake. Ilipowaka, aliifikia kona ya kwanza akaachia mafuta mara moja, akitazamia pikipiki iserereke mbele kama ile ya zamani. Fostroki haifanyi hivyo. Ukiachia mafuta, injini yenyewe huwa breki. Gurudumu la nyuma lilishikwa, na kijana akalala udongoni. Tena alikuwa akiiliza injini kwa gia ya chini, na kumbe ilitaka gia moja juu ivute polepole. Siku tatu zilipita kabla mkono wake haujasahau mazoea ya kale.

Kwa fundi taabu ilikuja baadaye. Baada ya majuma machache pikipiki ilikataa kuwaka kila ilipokuwa moto. Mjomba alisafisha plagi, akaosha kabureta, wapi! Usiku ule alinitolea kitabu cha mtengenezaji kilichoandikwa kwa Kiingereza. Sisi huitana kwa jina moja, akaniambia, "Mjomba, nisomee polepole, wala usiruke hata neno."

Nikamsomea. Tukafika mahali paelezapo kwamba kati ya valvu na kile kinachoisukuma lazima pawe na nafasi ndogo, kama sehemu ya kumi ya milimita 1. Valvu ikilika huzama katika kiti chake, nafasi ikatoweka, valvu isifunge sawasawa, na mkandamizo ukavuja. Mjomba aliweka kikombe chini. "Basi haihemi vizuri," akasema. Asubuhi alipima kwa fila geji, na katika valvu mbili za kuingiza hewa hakuona nafasi hata kidogo. Akaweka visahani vyembamba zaidi, na injini ikawaka kwa kiki ya pili.

Angeweza kunyamaza hapo na kupokea sifa. Lakini kitabu kilisema visahani ni dawa ya muda tu, na valvu ikikatika huangukia pistoni na kuharibu injini nzima. Alimwendea mwenye pikipiki akamweleza wazi kuwa valvu mpya zahitajika, na kwamba bei yake yapita kwa mbali bei ya pistoni na ringi alizozoea kununua. Kijana alinuna siku mbili, kisha akanunua. Mjomba akabaki na kazi yake, nami nikarudi shuleni.

Siandiki haya ili kuidharau tustroki. Watoto wengi huanza motokrosi juu ya tustroki ndogo, na fundi apendaye urahisi ataisifu siku zote, kwa sababu gharama zake huja mara kwa mara lakini ni ndogo. Fostroki hukaa kimya muda mrefu, kisha hudai yote kwa siku moja. Kwa hiyo anayetaka kuhama asiulize bei ya kununua peke yake, bali aulize pia kama mkono wake u tayari kufundishwa upya, na kama ameweka akiba ya valvu.

Mjomba sasa ana daftari dogo lenye kamba. Ndani yake huandika saa ambazo pikipiki imekimbia, siku ya kubadili oili, na kipimo cha kila valvu. Sikio lake lingali kali, ila amejua kuwa valvu hulika bila sauti.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne