Hondohondo wa Nalukolongo

Mwishoni mwa miaka ya 1980 sisi watoto wa reli tulikaa Nalukolongo, Kampala, bondeni mwa kilima cha Lubaga. Wazazi wetu walitoka Gulu, Tororo hadi Kisumu, basi uani tulisema Kiswahili. Kwarara ndiye aliyetuamsha. Kukipambazuka, hondohondo walipita juu ya mabati, mabawa yakivuma, wakifuata matunda ya mituba.

Mzee mmoja jirani alitueleza mambo ya hondohondo. Jike huingia katika tundu la mti mkubwa, mlango ukazibwa kwa tope, ukabaki ufa tu. Dume humlisha yeye na kinda kwa karibu miezi minne. Kwa hiyo anahitaji mti mzee, tope bichi na matunda yasiyokatika, na vyote hivyo vinategemea mvua ije kwa wakati wake.

Ikaacha kuja kwa wakati. Mama alizoea kupanda mahindi Machi. Miaka mingine mbegu zikakauka ardhini, kisha mvua ikashuka kwa siku mbili na mfereji ukafurika hadi vitandani.

Lakini nisiisingizie hali ya hewa kila kitu. Shoka lilitangulia. Mituba na mivule ilikatwa, nyumba zikapanda kilima, kinamasi cha Lubigi kikafukiwa kipande kwa kipande. Mwaka 2007, serikali ilipotaka kutoa takribani robo ya msitu wa Mabira kwa kilimo cha miwa, watu waliandamana Kampala, na mimi nikaona wana haki kabisa. Msitu uliokatwakatwa hukauka kingoni, joto likapenya ndani. Huko Usambara, Tanzania, watafiti wamewavalisha ndege pete miguuni kwa zaidi ya miaka 30, wakaona kwamba joto likizidi, ndege wengi wa vichakani chini ya miti mikubwa hufa zaidi au huongezeka polepole. Wengi wao hawathubutu kuvuka hata shamba la wazi, sembuse kuhamia mlima wenye baridi. Wakipungua walao matunda, mbegu nazo hukosa wa kuzibeba. Mti wa msizi, kwa mfano, huenezwa sana na hondohondo.

Kaloli, yule korongo wa mjini, hana shida, jalala linamtosha. Huyo wanangu wanamjua vizuri. Hondohondo ilibidi niwapeleke msitu wa Mpanga, barabara ya Masaka, ndipo wakamwona.