Uzi Usiofumulika

Skafu ninayovaa asubuhi za baridi ilianza na vitanzi 30 ikaishia na vitanzi 34. Karibu na katikati ina tundu linalopitisha kidole. Wenzangu hapa seminarini wameniuliza mara nyingi kwa nini nisinunue nyingine mnadani, maana skafu za mitumba ni nyingi na bei yake si kubwa. Huwa nacheka tu. Leo nimeona niwajibu.

Mwaka wangu wa kichungaji niliufanya katika parokia moja mkoani Njombe. Anayepajua Njombe anajua baridi yake. Mji wenyewe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai mtu hutoka kwenda Misa ya asubuhi akiwa amejifunga kila alichonacho.

Alhamisi moja jioni kijana wa shule alifika nyumbani kwa mapadre. Paroko alikuwa kigangoni. Kijana akaniambia kwamba babu yake amezidiwa, na anaomba Padre aje ampe Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa. Nikamjibu, "Sawa, nitamwambia." Wakati huo nilikuwa natoka kwenda kufundisha kwaya ya vijana. Mazoezi yalichelewa kwisha, nikala, nikalala. Ijumaa mchana nilikumbuka. Nilikuwa njiani kwenda dukani kununua karatasi, nikajisemea nitamwambia Paroko wakati wa chakula cha jioni. Sikumwambia. Jumamosi, kabla ya Misa ya asubuhi, katekista alikuja na habari kwamba Mzee amefariki usiku.

Nilimweleza Paroko siku ileile. Hakunigombeza sana. Alisema huruma ya Mungu haisubiri gari la paroko, na Mzee alikuwa mtu wa sala tangu ujana wake. Kisha akanunua daftari la kuandika maombi ya wagonjwa, akalitundika mlangoni pamoja na kalamu. Nilipita mbele ya daftari lile mara kumi kwa siku.

Niliungama. Wiki mbili baadaye niliungama jambo lilelile kwa padre mwingine, kwa maelezo marefu zaidi. Baada ya hapo nikaungama mara ya tatu. Kila nilipotoka nilijisikia mwepesi mpaka usiku, kisha fikra zikaanza: je, nilisema kwamba nilikumbuka Ijumaa? Je, niliweka wazi kwamba kijana alisema "amezidiwa"?

Katika siku hizo wanajumuiya walikuwa wakienda kusali rozari kwa mjane wa Mzee, nami nikaenda nao. Wengine walipoaga nilibaki, nikikusudia kumwambia Bibi ukweli. Maneno hayakutoka. Ili nisikae kama gogo, nikamuuliza anafuma nini. Alikuwa akifuma sweta la mtoto wa shule kwa spoki mbili za baiskeli zilizonolewa ncha.

"Sogea hapa, Frateri, nikufundishe," akasema.

Alitoa kapuni madonge manne ya uzi wa kijivu wenye manyoya marefu. Masista walimpa ili amfumie Mzee skafu, kwa sababu kifua chake kilikuwa hakistahimili baridi. Walimwambia unaitwa moheri, unatokana na singa za mbuzi wa Angora. "Uzi huu ni mkaidi," akaniambia, "lakini ndio uliobaki." Aliona spoki ni nyembamba mno kwa uzi wa namna hiyo, akanichongea vijiti viwili vya mianzi, vinene kama kalamu.

Wanaofuma watanielewa. Uzi wa kawaida hukuonyesha vitanzi vyako kimoja kimoja, kama punje za rozari. Uzi wenye manyoya huficha kila kitu. Huoni kitanzi kinapoanzia, unachoma katikati ya uzi, au unaokota vitanzi viwili ukidhani ni kimoja. Pembeni nilikuwa nikiongeza kitanzi bila kujua, na ndiyo maana skafu ikaanza kutanuka. Nilipofika mstari wa ishirini nilihesabu vitanzi 32. Nikaona aibu. Nikachomoa vijiti, nikashika ncha ya uzi, nikavuta ili nifumue yote na kuanza upya.

Uzi haukutoka. Manyoya ya mstari wa juu yalikuwa yameshikana na ya mstari wa chini. Nilipolazimisha, ulikaza na kufanya fundo, na manyoya yakaanza kunyonyoka kama ya kuku. Bibi akaniwekea mkono juu ya mkono.

"Usivute. Ukiufumua mara mbili mara tatu hutabaki na skafu wala uzi."

Akarudisha vitanzi kwenye kijiti, taratibu, kimoja kimoja, kisha akanipa kanuni yake. Kosa la mstari huu, likiwa bado liko kwenye kijiti, lirekebishe sasa hivi, hata kama unaona uvivu. Kosa lililokwisha kufumiwa juu yake mistari kumi, liache, na uangalie unakokwenda.

Nilirudi kwake karibu kila Jumatano. Siku moja kitanzi kilidondoka nami sikukiona mpaka nimepita mistari sita. Nikashtuka, kwa sababu nilikuwa nimeona kwenye sweta la mtoto jinsi kitanzi kimoja kinavyoanguka na kufungua njia kama ngazi mpaka chini. Bibi akaichukua skafu, akaigeuza dirishani, akatabasamu. Kitanzi kilikuwa kimekaa palepale kilipodondokea. Manyoya yaleyale yaliyokataa kufumuliwa ndiyo yaliyokizuia kisianguke. Tundu lilibaki, lakini halikuongezeka. Alikifunga kwa kipande cha uzi nyuma.

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia habari za Alhamisi, na za Ijumaa pia.

Alikaa kimya, akiendelea kufuma mpaka mwisho wa mstari. "Najua, Frateri," akasema. "Mjukuu wangu aliniambia ni wewe aliyekukuta. Siwezi kusema si kitu. Mzee alimngoja Padre usiku ule mzima. Mimi nilimshika mkono, tukasali. Nilikukasirikia. Ulipobaki peke yako siku ile, nikajua umebeba jambo, nikasema ngoja aje aseme mwenyewe."

Kumbe alinifundisha kufuma skafu ya mumewe huku akijua.

Nilipokwenda kuungama mara ya nne, padre aliniuliza kama dhambi hiyo ni mpya. Nikasema hapana. Akanikumbusha habari za Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Mwaka 1522 aliungama maisha yake yote kule Montserrat, kwa maandishi, kwa muda wa siku tatu. Hata hivyo, alipokuwa Manresa dhamiri yake ilimtesa kwa miezi, akirudia dhambi zilezile kila mara, hadi akapata kishawishi cha kujiua. Hatimaye alikata shauri kutoungama tena mambo yaliyopita, akapata amani. "Ulisamehewa mara ya kwanza," padre akaniambia. "Sasa nenda ukatumikie."

Zamani nilidhani kusamehewa ni kufumuliwa: uzi unarudi kwenye donge, safi, kama vile hakuna kilichotokea. Lakini Mzee alikufa bila Mpako, na hakuna ondoleo litakaloirudisha Alhamisi ile. Bwana wetu mwenyewe alipofufuka aliwaonyesha wanafunzi mikono na ubavu wake, na alama zilikuwapo. Msamaha ulinipa ruhusa ya kuendelea kufuma. Na kumbukumbu isiyotaka kuniachia, ambayo niliomba mara nyingi iondolewe, ndiyo inayonishika sasa. Kosa langu la Ijumaa lilikuwa bado liko kwenye kijiti, ningeweza kulirekebisha kwa hatua mia moja za kurudi nyumbani. Tangu hapo mtu akiniletea habari za mgonjwa, naacha nilichoshika.

Wiki ya mwisho kabla ya kurudi seminarini nilimpelekea Bibi skafu ikiwa imekamilika, nikitaka kumwachia, kwa kuwa uzi ulikuwa wa Mzee. Alihesabu vitanzi vya mwisho kwa kidole, akafika 34, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akanivalisha shingoni, akaifunga fundo.

"Nenda nayo, Frateri. Huko pia kuna baridi."