Papa, Kombe Letu Liko Wapi?

Wasomaji wapenzi, leo twataka kuwasimulia uongo mmoja. Hatukuusikia kwa jirani, wala hatukuusoma mahali. Tuliusema sisi wenyewe, kwa kinywa chetu, mezani petu, mbele ya mtoto wetu wa miaka kumi. Na jambo lenyewe lilikuwa mpira.

Yeyote aliyekaa Lubumbashi anajua kwamba mji wetu umegawanyika katika nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni ya nyeusi na nyeupe, yaani TP Mazembe, ambao watu huwaita Kunguru. Nyumba ya pili ni ya njano na buluu, yaani Saint-Éloi Lupopo, ambao huitwa Wanareli mpaka leo. Timu zote mbili zilizaliwa mwaka 1939. Mazembe ilianzishwa na watawa Wabenedikto, wakaipa jina la Mtakatifu Georges. Baadaye ikaitwa Englebert, jina la matairi ya magari. Lupopo wao wamebaki na mtakatifu wao. Mtu wa Lubumbashi hachagui nyumba, huzaliwa ndani yake. Marehemu baba yetu alifanya kazi ya reli. Siku ya mechi alivaa suti ile ile ya Misa, akatushika mkono, tukaenda kwa miguu mpaka uwanjani, katika komini ya Kenya. Hakutuuliza kama twapenda.

Basi, ilikuwa mwaka 2022. Siku moja mtoto wetu alirudi kutoka shuleni akilia, kola ya shati lake imeraruka. Wenzake wa nyeusi na nyeupe walikuwa wamemzunguka wakati wa mapumziko na kumhesabia makombe yao kwa vidole. Alipoketi kula akatuuliza: «Papa, ni kweli kwamba sisi hatujachukua kombe la Afrika hata siku moja?»

Tulikuwa tumechoka. Tulimwona machozi yake, na tonge la bukari lilikuwa bado mkononi mwetu. Tukamjibu: «Tulilichukua, mwanangu. Zamani sana, wewe hujazaliwa.»

Mama wa watoto wetu alizaliwa Kamalondo, katika nyumba ya Kunguru. Alitutazama juu ya bakuli la sombe, akanyamaza. Kunyamaza kwake tulikusikia vizuri kuliko kama angalisema. Lakini mtoto alipangusa uso, akala, akashiba. Tukajiambia kwamba jambo limekwisha.

Sasa ni lazima tueleze desturi ya lupango letu. Kila Jumapili baada ya Misa, watu wa Lupopo wa mtaa wetu hukutana chini ya mwembe: fundi wa magari, mwalimu wa shule, mchuuzi wa vitambaa, na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, ambaye sote twamwita Mzee tu. Mtungi wa munkoyo huwekwa katikati. Mazungumzo huanza na bei ya unga, lakini hayachukui robo saa kabla ya kufika kwenye mpira.

Jumapili ile yalikuwa makali, kwa sababu mwalimu alileta hesabu. Alisema: «Ndugu zangu, ubingwa wetu wa mwisho wa Kongo ulikuwa mwaka 2002. Leo ni miaka 20. Mtoto aliyezaliwa siku ile anaweza kuoa, na hajaona kitu.» Watu wakaguna. Hakuna aliyeweza kubisha, kwani hesabu haina timu.

Fundi akasema kwamba sababu ni fedha, na hakuna nyingine. Majirani zetu wamempata Moïse Katumbi, tajiri ambaye pia alikuwa gavana wa Katanga tangu 2007 mpaka 2015. Yeye aliwaleta wachezaji kutoka nchi za nje, kama Rainford Kalaba wa Zambia, tena aliwajengea Kunguru uwanja wao wenyewe pale Kamalondo, uliofunguliwa mwaka 2011. «Na sisi,» akasema fundi, «kijana wetu akijua kupiga chenga mbili tu, kesho amekwenda.»

Mwalimu hakukubali. Alisema fedha ni kitu kikubwa, lakini je, saburi yetu iko wapi? Kocha akishindwa mechi tatu, ni nani wa kwanza kupiga kelele aondolewe? Ni sisi, tulioketi hapa na vikombe mkononi. Kwa neno hilo fundi alikasirika, kwa sababu yeye hasa ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote uwanjani. Kwa upande wetu twaona mwalimu alikuwa na haki, lakini siku ile hatukuthubutu kusema.

Hapo mchuuzi akaja na dawa yake ya siku zote, yaani kuyapunguza makombe ya wengine. «Kombe lao la kwanza, la 1967, walilipataje?» akauliza. «Englebert na Asante Kotoko wa Ghana walitoka sare 1 kwa 1 kule Kumasi, wakatoka sare 2 kwa 2 Kinshasa. Ikapangwa mechi ya tatu. Kotoko hawakufika, kombe likatolewa. Je, huo ni ushindi? Ni sawa na kumwoa mwanamke kwa kuwa mchumba mwenzako amekosa treni!»

Tulicheka sana. Hata Mzee alicheka, kisha akaweka kikombe chini. Alisema: «Mwenye haki apewe haki yake. Katika kombe lililofuata walicheza na Étoile Filante wa Lomé. Waliwapiga 5 kwa 0, halafu kule Lomé wakapigwa 4 kwa 1, na kombe likabaki mkononi mwao. Hapo nani alikosa treni? Na kumbukeni mwaka wenyewe: 1968. Mwaka ule bingwa wa Kongo alikuwa nani? Lupopo! Sisi tulikuwa wa kwanza katika nchi, na jirani yetu akawa wa kwanza katika Afrika. Nilicheza ngoma usiku kucha, na asubuhi nikakuta mji mzima unacheza ngoma nyingine.»

Tulimsikiliza kimya. Katika maneno hayo mmekaa uchungu wote wa nyumba yetu. Mtu wa mji usio na timu kubwa hukosa kombe, akalala. Sisi hatuwezi kulala, kwa sababu furaha ya jirani hupita na honi mbele ya mlango wetu. Ilipita mwaka 2009, ikapita 2010, ikapita 2015, na tena 2016 na 2017 kwa lile kombe la pili la Afrika. Lazima tuungame na jambo jingine. Desemba 2010, Mazembe walipocheza kombe la dunia la klabu huko Abu Dhabi na kuwafunga Internacional wa Brazili 2 kwa 0, tulikuwa tumefunga mlango ili watu wa Lupopo wasituone tunatazama. Kipa wao Robert Kidiaba alipoanza kuruka-ruka akiwa ameketi chini, kama alivyozoea kufanya, tulishtuka kujikuta tumesimama na mikono juu. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika mwisho wa kombe lile kabla yao. Waliposhindwa na Inter ya Milano 3 kwa 0, tulijilazimisha kufurahi, ikashindikana.

Haya yote hatukuyasema chini ya mwembe. Tulikuwa bado tunatafuta neno, ndipo mtoto wetu akatokea na mtungi wa pili, ambao mama yake alikuwa amemtuma kuuleta. Akauweka chini kwa adabu, akawasalimu wazee. Kisha akageuka kwetu, mbele ya wote, akasema kwa sauti ya furaha: «Papa, uwaambie kuhusu kombe letu la Afrika! Lilikuwa mwaka gani?»

Tumewahi kuona Lupopo ikifungwa dakika ya mwisho. Tumewahi kurudi nyumbani chini ya mvua, viatu mkononi, bila neno. Lakini hatujapata kuona kimya kama kile. Fundi aliangalia kucha zake. Mchuuzi, mtu wa huruma, alijaribu kutuokoa: «Papa yako alitaka kusema kombe la Kongo, mwanangu.»

«Hapana,» akasema mtoto, «alisema Afrika.»

Wote wakatutazama. Nasi tukatazama mtungi.

Mzee ndiye aliyesema. «Mjukuu wangu, kombe hilo hatuna. Hatukulipata 1968, wala baada yake. Keti hapa.» Mtoto akaketi karibu na miguu yake, lakini macho yake yalikuwa kwetu, na hayakuwa na machozi safari hii. Afadhali angalilia.

Mzee akamwuliza kama anajua Mtakatifu Éloi alikuwa nani. Mtoto hakujua. Kwa kweli na sisi tulijua kidogo tu, ingawa tumeliimba jina lake uwanjani tangu utoto. Mzee akamweleza kwamba alikuwa mfua dhahabu wa Ufaransa, katika karne ya 7, kabla ya kuwa askofu. Wafuachuma na watu wote wa nyundo humwita msimamizi wao. Mchuuzi akapiga paja: «Mtakatifu wa dhahabu, na kabati ya timu yake ni tupu!» Kicheko kikarudi, na kila mtu akapumua.

Mzee alingoja watulie. Akasema inasimuliwa kwamba mfalme Clotaire alimpa Éloi dhahabu ya kutengeneza kiti kimoja cha enzi. Wafua dhahabu wengine wangalitengeneza kiti na kuficha mabaki, kisha kumwambia mfalme kwamba mabaki yaliungua motoni. Éloi alileta viti viwili. Mzee hakuongeza neno lolote, akaomba ajaziwe munkoyo. Mazungumzo yakageukia bei ya unga.

Jioni tulimwita mtoto chumbani. Si desturi, katika ukoo wetu, baba kuomba msamaha kwa mtoto wake. Baba yetu hakupata kutuomba, nasi hatukupata kungojea. Tulizunguka sana kabla ya kulifikia neno. Mwishowe tukasema: «Tulikudanganya. Tulijua kwamba si kweli.»

«Kwa nini, Papa?»

«Kwa sababu ulikuwa unalia. Hatukutaka ulie kwa ajili ya makombe.»

Alitutazama kwa mshangao. «Sikulia kwa ajili ya makombe,» akasema. «Nililia kwa ajili ya kola. Niliogopa Mama ataniadhibu.»

Wasomaji wapenzi, hatukuwa na la kujibu. Tulikuwa tumeuokoa moyo wa mtu ambaye hakuwa anazama. Yeye wala hakukasirika sana. Alichukua daftari lake la hesabu, akalifungua upande wa nyuma, akasema: «Basi sasa niambie ya kweli, niandike.»

Tukamtajia taratibu, tangu nchi ilipopata uhuru: 1968, 1981, 1986, 1990, 2002. Aliandika kwa mwandiko mzuri, mwaka mmoja chini ya mwingine. Alipomaliza akangoja, kalamu juu, kama kwamba kuna mwingine unaokuja. Tukamwambia kwamba ni hiyo tu.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. «Ukurasa wa pili uandike na ya kwetu,» akasema, «na uanze na ya Afrika.» Akamtajia polepole, bila kucheka, jambo ambalo twamshukuru: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Na hapo alikuwa bado hajaanza na ya Kongo. Ukurasa wake ulijaa mpaka chini.

Mtoto alizilinganisha kurasa mbili kwa muda. Kisha akafunga daftari, akamwomba mama yake sindano na uzi wa kushonea kola, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumatatu.