Biskwi za oti kwenye sufuria ya mchanga

Leo siwaletei habari ya barabara wala ya bei ya maharagi. Ni habari ya biskwi, mnivumilie.

Ilikuwa Februari 2024, wakati mapigano yalipokaribia Sake, kilomita karibu 25 kutoka Goma. Watu walikuja kwa miguu, magodoro kichwani, na katika parseli yetu hapa Ndosho nilipokea mama mmoja na watoto wake wanne. Walilala saluni kwangu. Tulikuwa tayari jamaa tano kwenye choo kimoja, na mwenye parseli hakufurahi. Alisema mbele ya wote kwamba wageni watafute pengine kabla ya mwisho wa mwezi. Sikumlaumu sana, maana choo kikijaa ni yeye anayelipa.

Rafiki aliyetoka Kampala alikuwa ameniachia pakiti ya oti, kilo moja, ile nafaka ambayo wengine kwetu wanaita avwani. Nikapika uji. Watoto wakaonja, wakatazamana. Mdogo wao akasema: “Mama, hii iko kole.” Mama yake akamgombeza kwa haya, halafu akachukua pakiti, akainusa, akaniuliza: “Dada, unga ya ngano iko?”

Kumbe kule Sake alikuwa anachoma mikate na keki ndogo za kuuza siku ya soko. Tanuru lake la udongo lilibaki huko, pamoja na masinia. Mimi kama mwandishi nilikuwa nimemwomba mara mbili anieleze jinsi walivyokimbia, na mara mbili alinijibu kwamba hana la kusema. Siku ile, mikono ikiwa ndani ya unga, alianza kueleza mwenyewe. Sikuchukua kalamu.

Konfitiri ilitangulia: mananasi mawili yaliyoiva sana, yale ya bei ya chini, sukari nusu ya uzito wake, na maji ya ndimu moja. Makala ilikuwa ghali siku hizo, kwa sababu mifuko mingi hupitia njia hiyo hiyo ya Sake. Kwa hiyo hatukufunika sufuria, ili mvuke utoke upesi. Tulikoroga mpaka tone likiwekwa juu ya sahani baridi lisitiririke.

Oti alizikaanga kavu, akazitwanga kidogo tu, zibaki za kutafuna. Kopo tatu za oti, mbili za unga wa ngano, moja ya sukari, moja ya margarini, mayai mawili, na chumvi kidogo ya kushika kwa vidole. Kopo ni ile ndogo ya nyanya. Akafanya viduara, akabonyeza katikati kwa kidole gumba, akajaza konfitiri kwenye shimo.

Tanuru sina. Alichukua sufuria yangu kubwa, akatandika mchanga mweusi wa volkano, mkavu, vidole viwili kwenda juu, akaweka mawe matatu, na juu yake sahani ya bati yenye biskwi. Akafunika, akapanga makala ya moto juu ya kifuniko. “Makala ya juu ipite ya chini,” alinionya. Mimi nikajifanya najua, nikaongeza moto chini. Biskwi kumi za kwanza ziliungua.

Zilizotoka nzuri zilikuwa 42. Nilidhani ataanza na watoto wake. Akachagua sita, zile za kupendeza kabisa, akamtuma binti yake mkubwa kwa mwenye parseli.

“Unampelekea yule anayewafukuza?” nilimuuliza, nikiwa nimekasirika kidogo.

“Dada, niliingia kwake mikono mitupu,” akasema. “Tangu tutoke Sake ni kupokea tu, kila siku kupokea. Inachokesha.”

Sikuwa na jibu. Siku ngapi nimesimama kwenye foleni za msaada nikihesabu watu na mifuko, swali hilo sikumuuliza mtu.

Watoto wote wa parseli, 17, walipata mbili mbili. Mbili zilizobaki zilienda kwa jirani aliyekuwa mgonjwa. Zile za kuungua tulikula sisi wakubwa na chai, tukikwangua upande mweusi kwa kisu.

Sahani ilirudi Jumatatu na avoka tatu ndani. Aliileta mwenye parseli mwenyewe, akauliza kama biskwi zile zinaweza kutengenezwa na mawese. Mama akamwambia atajaribu. Mwisho wa mwezi ukapita, na habari ya kuhama hakuna aliyeitaja. Mimi pia nilinyamaza.

Walikaa hadi alipopata chumba upande wa Mugunga. Nilimpa ile sufuria. Aliumwaga mchanga wote pale uani kabla ya kuibeba, akasema mchanga ataukuta huko.