Mwalimu Aambiwe Angali Darasani

Juma lililopita mwenzangu wa ofisini, mama mmoja wa Kipolandi anayesimamia maabara ya kemia hapa Edinburgh, aliingia asubuhi macho mekundu na karatasi mbili mkononi. Nikajua msiba. Akanipa nisome. Kumbe ni maneno ya wanafunzi wake. Mmoja ameandika kwamba mwezi wa kumi na moja alikuwa ameshaamua kuacha chuo, akabaki kwa sababu huyu mama alimwelekeza titresheni kwa mara ya tatu bila kukunja uso. Mwingine kaandika kwamba katika jengo zima ni yeye tu anayemwita kwa jina. Hakuna aliyejitaja.

Kila mwaka chama cha wanafunzi hapa hutoa tuzo za ufundishaji. Mwanafunzi yeyote anaingia mtandaoni, anaandika jina la mtu na sababu yake, basi. Haombi ruhusa kwa mkuu wa idara. Kuna tuzo ya mhadhiri, kuna ya msimamizi wa tasnifu, kuna ya wanafunzi wa uzamivu wanaoendesha semina kwa malipo ya saa, na kuna ya wale ambao chuo hakiendi bila wao: makatibu, mafundi wa maabara, watu wa maktaba. Wanafunzi wenyewe ndio wanaokaa kuyasoma mapendekezo na kuchagua. Tuzo za namna hii zilishika mizizi Scotland mwishoni mwa miaka ya 2000, kisha zikaenea vyuo vya Uingereza nzima. Yule mama hakushinda, hata kwenye orodha ya mwisho hakuingia. Lakini maneno yalimfikia, na jioni ile aliyabandika kwenye friji kwake.

Nilitoka kazini nimefurahi. Kufika usiku nilikuwa nimekasirika, na hasira yenyewe ilikuwa kwa ajili ya baba mdogo.

Baba mdogo alifundisha hisabati katika chuo kikuu kimoja cha umma huko nyumbani Tanzania tangu mimi sijaanza shule mpaka nilipokuwa na watoto. Wanafunzi walimwita Epsilon. Mwaka wa kwanza ukumbi wake ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Saa tisa alasiri, nje ya ofisi yake, kulikuwa na benchi, na benchi lile halikuwa tupu. Likizo ndefu ikifika, wenzake wakishika njia kwenda kwenye konsalti, yeye aliwakusanya waliopata sapu akawafundisha upya chini ya mwarobaini, bila senti. Wapo wahandisi leo ambao wangedisko muhula wa pili kama si mwarobaini ule. Mama mdogo alilalamika miaka yote kwamba likizo yake ni ya wana wa watu.

Alistaafu akiwa mhadhiri mwandamizi. Mnajua kwa nini. Machapisho hayakutosha.

Siku ya kumuaga nilikuwepo. Kulikuwa na keki, saa ya ukutani, na hotuba iliyotaja kamati zote alizowahi kukalia. Neno moja kuhusu darasa lake halikusemwa, na mwanafunzi hata mmoja hakuwepo kwa sababu chuo kilikuwa kimefungwa.

Nilimpigia usiku uleule. Baada ya shikamoo na habari za Muheza nikamuuliza: zile fomu za tathmini tulizokuwa tukijaza mwisho wa muhula, uliwahi kuona tulichoandika? Akanyamaza kidogo, akasema, "Nilikuwa napewa wastani, mwanangu. Nne nukta kadhaa." Na maelezo je? Mara moja tu aliitwa, anasema, kijana mmoja alipolalamika kwamba anafuta ubao haraka. Hayo alifikishiwa siku hiyohiyo.

Ndilo linaloniuma. Kuuliza tunauliza. Siku hizi vyuo vingine havikuonyeshi matokeo yako mpaka umjazie mwalimu alama. Tunakusanya maneno ya vijana maelfu kila muhula, na yanayotoka kabatini ni malalamiko peke yake. Lile jema linakaa humo mpaka karatasi iwe ya njano.

Mama yangu, nilipomsimulia, alinijibu kwa methali ambayo kila Mswahili angenijibu: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Naiheshimu, nimelelewa nayo. Lakini kwa baba mdogo ninaikataa. Huyu mgema hakusifiwa miaka thelathini na tembo lake halikuchujuka hata siku moja. Walioacha kugema ni vijana waliomtazama. Wawili kati ya wanafunzi wake bora walibaki chuoni kama wakufunzi wasaidizi, wakaona anavyozeeka na cheo kilekile, wakaamua mapema kwamba darasa ni ushuru wa kulipa upesi ili uende kwenye kazi yenye faida. Siwalaumu, wana watoto wa kusomesha.

Kuhusu utafiti, nisieleweke vibaya. Serikali yetu iliposema itampa mtafiti shilingi milioni 50 akichapisha kwenye jarida kubwa la kimataifa, nilishangilia. Nchi inahitaji watafiti. Ila kila mtafiti anayepokea hundi hiyo kuna mtu alimfundisha kutafuta limiti, na huyo mtu hatumwulizii hata jina. Tena mtu aliyesoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, enzi za mwanahistoria Walter Rodney hakusimulii orodha ya makala. Anakusimulia mabishano, ukumbi uliojaa, mhadhiri anayeongea na vijana wanaobaki nje wakiendelea kubishana. Na kitabu cha Rodney kuhusu Ulaya na Afrika kilitoka mwaka 1972, akiwa anafundisha palepale. Hayo mawili, kufundisha na kuandika, hayakugombana kwake. Pengine tumeyagombanisha sisi kwenye fomu za kupanda vyeo.

Uingereza nayo ina mambo yake ambayo singependa tuyachukue. Mwaka 2017 serikali ilivipa vyuo vikuu medali za ufundishaji: dhahabu, fedha, shaba. LSE, chuo ambacho dunia nzima inakijua, kikaangukia shaba. Medali zile zilitokana kwa sehemu kubwa na takwimu: wangapi wameridhika, wangapi wameacha masomo, wangapi wamepata kazi. Hakuna aliyekwenda kukaa nyuma ya darasa akasikiliza. Sijaona mtu akilia kwa ajili ya medali ya chuo. Ipo pia tuzo ya taifa ya mwalimu mmoja mmoja wa vyuo vikuu, iliyoanza mwaka 2000 kwa watu 20, kila mmoja pauni 50,000. Leo wanaopata ni hadi 55 kwa mwaka, wala fedha za kiasi kile hazipo tena.

Alama za wanafunzi pia zina dhuluma ndani yake. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2015 ulichukua kozi ya mtandaoni, walimu wakabadilishana majina, na aliyedhaniwa kuwa mwanamke akapewa alama za chini kwa kazi ileile. Dada zetu wanaofundisha uhandisi huko nyumbani hawahitaji utafiti kuambiwa hilo. Ndiyo maana sililii wastani wa nne nukta kadhaa. Ninachokililia ni maneno, kwa sababu ukimtaka mwanafunzi aseme mwalimu alifanya nini hasa, itambidi akumbuke kitu kilichotokea.

Na kipo kimoja kingine cha huku ninachokitamani kwa dhati: vyuo vingi sasa vina njia ya kufika uprofesa kwa kufundisha. Mtu analeta ushahidi wa alivyobadilisha kozi, walivyofaulu waliokuwa wakianguka, na wenzake wa nje wanaukagua. Ule mwarobaini ungehesabiwa.

Nyerere alisoma hapahapa Edinburgh, 1949 hadi 1952, akarudi kufundisha Pugu. Tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na ni jambo jema sana. Natamani jina hilohilo siku moja lisomwe kwa mhadhiri aliyeketi na walioanguka mpaka wakasimama. Mfanyakazi hodari wa Mei Mosi hatoshi. Anachaguliwa na wafanyakazi wenzake, ambao hawakuwahi kuketi kwenye darasa lake.

Lakini kabla ya tuzo, ninyi mnaoshika funguo za kabati za tathmini, wapeni walimu maneno yao muhula huu. Ondoeni majina, ondoeni matusi, yaliyobaki wapelekeeni. Gharama yake ni karatasi.

Nanyi mliopita kwa Epsilon mnajijua. Mko Dodoma, mko Mwanza, wengine Muscat na Toronto. Namba yake ni ileile, na baada ya alasiri huwa anapokea. Mpigieni.