AJALI HAINA KINGA? MAGARI YA WAKUBWA NA MKANDA WA NYUMA

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema ajali haina kinga. Nawaheshimu wahenga, lakini katika jambo hili kuna mafundi wa Ujerumani, Uswidi na Japani ambao wamebishana nao kwa zaidi ya miaka sitini. Leo naomba nafasi katika jarida letu nieleze ubishi huo umefika wapi. Nitazungumza juu ya saluni za kifahari, yale magari marefu meusi yaliyowapa wenyewe jina la Wabenzi hapa kwetu Afrika Mashariki.

Huenda ukauliza, mwanafunzi anayekwenda nyumbani kwa matatu ana haja gani na magari hayo? Haja ninayo. Baba yangu ni dereva. Si tajiri, la hasha! Gari analoendesha ni la mwajiri wake, na mkubwa mwenyewe huketi kiti cha nyuma akisoma gazeti. Basi ubishi unapozuka bwenini, huyu akisema "Benzi ni moto!" na yule akijibu "Wacha wewe, BMW ndiyo gari!", wenzangu huzungumzia mbio na umbo. Mimi huuliza swali moja tu: likigonga, nani atatoka akiwa hai?

Tuanze na Mercedes. Zamani watu waliamini kwamba gari salama ni lile gumu kama kifaru cha vita. Mhandisi wa kampuni hiyo, Béla Barényi, aliona kinyume. Alisema chumba cha abiria kiwe kigumu, lakini pua na mkia wa gari vijikunje, ili nguvu za mgongano ziishie kwenye mabati badala ya kuishia kwenye mbavu za watu. Alipewa haki ya uvumbuzi huo mwaka 1952, na mwaka 1959 ukaingia katika magari yaliyouzwa. Kwa hivyo ukiona gari limekunjamana mbele kama karatasi na milango bado inafunguka, usikimbilie kusema mabati ya siku hizi ni duni. Gari hilo limefanya kazi yake.

Mwaka 1978 S-Class ikapata breki za ABS za elektroniki, zisizokubali tairi zikwame kabisa, ili dereva aweze kukata usukani huku amekanyaga breki. Mwaka 1981 ukaja mfuko wa hewa ndani ya usukani. Mwaka 1995 ikaja ESP, kompyuta inayoshika breki za gurudumu moja moja gari linapoanza kuserereka. Mwaka 2002 wakatoa mfumo wa PRE-SAFE. Huu haungoji ajali itokee. Dereva akikanyaga breki kwa hofu, mikanda hujikaza yenyewe, na gari likiserereka dirisha la paani hujifunga. Tena mwaka 2016 E-Class ilipewa jambo la ajabu: gari likihisi kwamba litagonga, spika zake hutoa mvumo mfupi unaoufanya msuli mdogo ndani ya sikio ukazike, ili kishindo kisiharibu masikio. Bwana wee! Hata masikio yamefikiriwa.

BMW nao hawakulala. Mwaka 1997 gari lao la 7 Series lilitoa bomba la hewa linaloruka kutoka juu ya mlango na kuzuia kichwa kisigonge dirisha. Lakini bomba hilo lilianza na walioketi mbele. Mwaka mmoja baadaye Volvo S80 ikaja na pazia zima la hewa, lililoteremka hadi kwenye madirisha ya nyuma. Viti vyake vya mbele navyo hurudi nyuma pamoja na aliyeketi gari linapogongwa kwa nyuma, shingo isivunjike. Lexus LS ya mwaka 2006 ikatazama upande mwingine: iliweka kamera kwenye nguzo ya usukani ili imwangalie dereva mwenyewe. Akigeuza uso huku kuna kizuizi mbele, gari humpigia kelele, na asiposikia lenyewe hugusa breki. Audi A8 ya kizazi kilichozinduliwa mwaka 2017 na S-Class ya mwaka 2020 ziliweza kuagizwa zikiwa na mfumo wa kuinua ubavu wa gari hadi sentimita 8 kabla tu ya kugongwa upande, ili pigo litue kwenye kizingiti kigumu cha chini badala ya kutua mlangoni.

Ukinitaka nitoe hukumu, nitasema hivi. Mercedes amefikiria sana dakika ya kabla ya ajali, Volvo ameujua mwili wa binadamu, na Lexus amemjua dereva. Kila mmoja ana sifa yake. Lakini waama, vitu vyote hivyo vinategemea kitu kimoja kilichobuniwa mwaka 1959: mkanda wa ncha tatu. Aliyeubuni ni Nils Bohlin wa Volvo, ambaye kabla ya hapo alishughulikia viti vya kumrusha rubani nje ya ndege. Volvo hawakuufungia kabatini. Waliwaacha watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Ndio maana mkanda wa Benzi la waziri na ule wa matatu ni ndugu wa tumbo moja.

Mfuko wa hewa wenyewe umekusudiwa kusaidiana na mkanda. Fizikia yetu yatosha kueleza sababu. Sheria ya kwanza ya Newton yasema kitu kilicho mwendoni huendelea na mwendo wake mpaka kizuiwe. Gari likienda kilomita 50 kwa saa na kusimama ghafla, abiria asiyefunga mkanda bado yuko kwenye kilomita 50. Piga hesabu: ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10. Sasa je, mtu huyo akiwa ameketi nyuma, kitakachomzuia ni nini? Ni kiti cha mbele, na katika kiti hicho yumo dereva. Dereva aliyefunga mkanda wake vizuri anaweza kuuawa na bosi wake mwenyewe kutoka nyuma. Nilipoifikia hesabu hiyo daftarini, sikuweza kuendelea na zoezi lililofuata.

Dunia iliyaona haya usiku wa tarehe 31 Agosti 1997. Mercedes S-Class iligonga nguzo katika handaki la Pont de l'Alma mjini Paris ikiwa mbioni. Mifuko ya hewa ya mbele ilifumuka kama ilivyotakiwa. Ndani walikuwa watu wanne, akiwemo Diana, binti mfalme wa Wales, aliyekuwa kiti cha nyuma. Watatu walikufa, aliyepona ni mlinzi aliyeketi mbele kando ya dereva. Uchunguzi wa polisi wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2006, ulieleza kwamba hakuna hata mmoja kati ya wanne hao aliyekuwa amefunga mkanda wakati wa kugonga. Gari lilikuwa miongoni mwa yaliyo bora duniani. Mkono wa kufunga mkanda ndio uliokosekana.

Nilimwuliza baba kwa nini asimwambie mkubwa afunge. Akanijibu, "Mwanangu, mkubwa haambiwi. Mkubwa ndiye huambia." Nikanyamaza, kwa maana najua adabu ya kazi yake. Likizo iliyofuata alinieleza alivyopata njia. Gari lao lina taa kwenye dashibodi inayoonyesha mikanda ya nyuma isiyofungwa. Asubuhi moja, kabla ya kuondoa gari, akasema kwa upole, "Samahani mzee, gari linaniambia mkanda wa nyuma bado." Mzee akacheka, akasema magari ya siku hizi yana mdomo kuliko mke. Kisha baba akasikia "klik". Tangu siku hiyo, asema baba, gari ndilo linalosema. Yeye ni mkalimani tu.

Wenzangu, hapo ndipo nilipouona ubora wa tekinolojia hii. S-Class ya mwaka 2013 ilikuja na kishikio cha mkanda wa nyuma kinachojiinua na kuwaka taa mara abiria anapoingia. Ukikitazama waweza kudhani ni madoido ya matajiri. Kumbe ni njia ya kusema neno ambalo mdogo hathubutu kumwambia mkubwa. Rada na kamera zina kazi yake, lakini kitaa hicho kimoja kinampa dereva ulimi.

Sisi tusio na magari tuna nini basi? Tunao mkanda. Kanuni za Waziri Michuki zilizoanza kutekelezwa mwezi Februari 2004 ziliuingiza katika matatu pamoja na vidhibiti mwendo, na kazi ya kuufunga ikabaki kwa abiria. Huko hakuna taa itakayokusemea. Ukiingia kiti cha nyuma na mkanda upo, ufunge. Na jirani yako akikucheka, mweleze habari za mita 10. Wahenga watuwie radhi: ajali yaweza kukosa kinga, lakini abiria anayo, nayo i kiunoni na begani mwake.